Mama anataka nilale nyumbani, na pesa za HELB zimlipie mdogo wangu karo

Hujambo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 19, kifungua mimba, na tumezaliwa wawili tu. Tunaishi Umoja, Nairobi. Mama anauza mboga na matunda pale Mutindwa, na ametulea peke yake tangu Baba alipoondoka nikiwa darasa la tano. Kwenye KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, nilipata B-, na KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi vyuo, wakanipeleka chuo kikuu cha umma upande wa Thika Road kusomea vyakula na lishe. Kozi hiyo niliiweka mwenyewe ya kwanza kwenye orodha, kwa hivyo hapo sina lalamiko. Naripoti mwisho wa Agosti.

Siku ujumbe wa kuitwa chuo ulipoingia kwenye simu, Mama alifunga kibanda saa nane mchana. Hafungi hata akiwa mgonjwa. Alipika pilau, akawapigia ndugu zake wote kule Kitui. Nilidhani shida zetu zimeisha.

Wiki iliyofuata aliniita, akaniambia amepanga kila kitu. Nitakuwa nikienda chuo na kurudi nyumbani kila siku, kwa sababu hakuna haja ya kulipia kitanda na kitanda kipo. Zile pesa za matumizi za HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo, zitamlipia mdogo wangu karo. Yeye yuko Kidato cha Tatu, shule ya bweni huko Machakos, na muhula huu amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo mpaka ameanza kuona haya kurudi darasani. Mama aliniambia, "Wewe ushavuka. Mshike mkono mwenzako naye avuke." Sikumjibu. Nilienda kuosha vyombo.

Mama Mshauri, si kwamba simpendi ndugu yangu. Lakini nilijaribu hiyo safari. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, matatu ikakwama Kariobangi, nikashuka Allsops kupanda nyingine, na kufika langoni saa moja ilikuwa imepita. Nauli ilikuwa Sh100 mpaka Allsops na Sh70 kutoka hapo. Jioni kulinyesha, na sote tunajua nauli ya Nairobi ikinyesha. Wanafunzi niliowakuta waliniambia masomo mengine huanza saa moja asubuhi, na kazi za maabara zinaweza kuendelea hadi jioni kabisa.

Kuna njia mbili nyingine. Mama mdogo anaishi Githurai, karibu na chuo, na amesema mlango wake uko wazi. Ana watoto wawili wadogo na anafanya kazi ya zamu. Halafu kuna rafiki yangu tuliyesoma naye, ameitwa chuo hicho hicho. Amepata bedsita, yaani chumba kimoja cha kupanga, Wendani karibu na chuo, ya Sh8,000 kwa mwezi na anataka tugawane. Yeye anasema nimwambie Mama kwamba HELB imechelewa, nilipe nyumba, halafu nitajieleza baadaye nikishatulia. Anasema hivyo ndivyo kila mtu hufanya. Amenisukuma nimjibu kabla mwenye nyumba hajampa mtu mwingine.

Ninachoogopa zaidi ni hali ya Mama. Ana presha. Huamka saa tisa na nusu usiku kwenda soko la Marikiti kuchukua mali, na mimi ndiye hufungua kibanda, hupanga nyanya na kukata sukuma mpaka arudi. Nikienda kulala chuo, nani atafanya hiyo kazi? Tena amekopa Sh15,000 kwenye chama chake cha kukopeshana ili nipate za kusajiliwa. Nikifikiria hayo naona aibu kwamba nataka kitanda changu.

Maombi ya HELB nimeyafungua lakini sijayamaliza, kwa sababu kila nikifika mahali pa wadhamini nakwama. Mama ndiye anafaa kuwa mmoja wao. Nimefikiria hata kuahirisha mwaka mmoja nifanye kazi kwanza.

Je, ni ubinafsi kutaka kulala chuoni? Pesa hizo ni zangu au ni zetu? Na nikimficha Mama sehemu tu ya ukweli, kuna ubaya?

Kifungua Mimba, Umoja

JIBU

Binti yangu,

Hongera kwanza. Sijaona mahali umejipongeza katika barua yako, na B- iliyopatikana huku mtu akipanga nyanya kabla ya kwenda shule ni jambo la kupongezwa.

Nimekusoma hivi: umeitwa chuo, unataka kusoma kwa utulivu, na nyumbani kuna mzazi aliyechoka, mdogo wako anayefukuzwa karo na kibanda kinachokutegemea. Mama yako ameshapanga, rafiki yako naye ameshapanga, na mipango yote miwili inatumia pesa ambazo bado hazijaingia na ambazo hakuna kati yenu aliyekaa chini kuzihesabu. Umeuliza kuhusu kitanda, kuhusu pesa na kuhusu ukweli kwa Mama. Naomba tuanze na pesa, kwa sababu nahisi mengi yatajieleza tukishaziona.

Mkopo wa HELB una sehemu mbili. Ile ya karo hulipwa chuoni moja kwa moja, hutaishika. Ile ya matumizi ndiyo hukujia wewe. Katika utaratibu wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, wanafunzi wanawekwa katika makundi matano kulingana na hali ya nyumbani, na pesa za matumizi zimekuwa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka, zikigawanywa kwa mihula miwili. Tuseme umepangiwa Sh50,000. Hizo ni Sh25,000 kwa muhula, na mara nyingi huingia wakati masomo yameshaanza kitambo. Kwa hivyo hata Mama akizisubiri kwa karo ya mdogo wako, upo uwezekano mkubwa kwamba mwalimu mkuu atakuwa amemrudisha nyumbani kabla hazijafika.

Sasa chukua nauli uliyoniandikia. Kwenda na kurudi ni zaidi ya Sh300 kwa siku, lakini tuweke 300 tu, siku isiyo na mvua. Chakula cha mchana tuweke Sh100, yaani chai na chapati mbili, si karamu. Hizo ni Sh400 kwa siku, Sh2,000 kwa wiki ya siku tano. Muhula ukiwa na wiki 15 pamoja na mitihani, ni Sh30,000. Pesa za matumizi zimeisha na umebaki na deni la Sh5,000, wala hatujanunua kalamu, hatujapiga chapa hata karatasi moja, hatujaweka bando kwenye simu. Mama anaona kulala nyumbani ni bure kwa sababu kitanda kipo. Lakini kitanda hicho kiko mbali na darasa, na huo umbali utalipiwa kila asubuhi.

Tugeukie bedsita ya Wendani. Sehemu yako ni Sh4,000 kwa mwezi. Kwa miezi minne ya muhula ni Sh16,000, ongeza amana ya Sh4,000. Chakula cha kujipikia tukiweke Sh200 kwa siku, siku saba, wiki 15: Sh21,000. Jumla ni Sh41,000, bado hujanunua godoro, mtungi wa gesi, sufuria, wala kulipa stima na maji. Rafiki yako anakuhimiza udanganye ili uingie mahali ambapo pesa zako haziwezi kukuweka hata muhula mmoja. Sisemi ana nia mbaya. Nadhani anaogopa kodi hiyo akiwa peke yake, na anahitaji mtu wa kugawana naye.

Na hosteli ya chuo? Barua yako haikuitaja hata mara moja, nikashangaa. Vitanda vya ndani ya vyuo vya umma ni nafuu sana ukilinganisha na nyumba za nje ya lango, ila havitoshi wote. Huombwa kwenye tovuti ya chuo, dirisha hufunguliwa na kufungwa upesi, na vyuo vingi huwafikiria wa mwaka wa kwanza kabla ya wengine. Ukilala huko Jumatatu hadi Ijumaa na kurudi Umoja wikendi, chakula cha siku tano kwa Sh200 ni Sh15,000 kwa muhula, nauli ya safari moja kwa wiki ni Sh4,500. Hizo ni Sh19,500, kisha uongeze bei ya kitanda, ambayo utaikuta kwenye tovuti hiyo hiyo. Unaona jinsi namba zinavyosogea. Zinaweza kusogea tena ukipata ratiba: kama masomo yako yatakuwa siku tatu tu kwa wiki, kwenda na kurudi kutagharimu Sh18,000, na hapo mpango wa Mama unaanza kuwa na maana. Ndiyo maana sitaki uamue lolote kabla ya kuiona ratiba, na sitaki umjibu rafiki yako kwa sababu tu mwenye nyumba ana haraka.

Hakuna hesabu kati ya hizi inayobakisha karo ya mwaka ya shule ya bweni. Ile yenye nafuu zaidi inabakisha elfu chache. Nadhani Mama hajaliona hilo kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Yeye amesikia "pesa za HELB", naye ana mtoto aliyerudishwa nyumbani. Mzazi yeyote angeunganisha hayo mawili.

Hapo ndipo swali lako la pesa zangu au zetu linapokuwa gumu, nami sitalikwepa. Huo ni mkopo. Bodi ya mikopo ipo kwa sheria ya mwaka 1995, na deni linaandikwa kwa jina lako. Riba imekuwa asilimia 4 kwa mwaka, unatarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayenyamaza hutozwa faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi. Utakapotafuta kazi ukiwa na miaka 24 au 25, deni litakuwa linakusubiri wewe, si ndugu yako. Upande wa pili, chakula ulichokula ukasoma mpaka ukapata hiyo B- kilitoka kibandani, na mdogo wako alikuwa akila nusu ya kilichokuwepo. Nyumba nyingi za Nairobi zimesomesha watoto kwa kushikana mikono hivyo, mkubwa akamvuta mdogo. Sina moyo wa kuwaambia watu hao walikosea. Ila wapo pia vifungua mimba walioanza kwa kutoa kidogo, wakatoa zaidi, wakakosa nauli ya kwenda kufanya mtihani, na mwishowe nyumba ikawa na wawili ambao hawakumaliza. Ukiamua kumsaidia, kiwango kitajwe mapema na kijulikane. Labda umlipie nauli ya kurudi shuleni na vitu vyake vidogo. Msaada ambao haukutajwa kiasi huwa unaongezeka kila muhula, na siku ukisema huna, unaonekana umebadilika.

Karo yenyewe ina milango mingine ya kubishwa kabla ya wako. Mama, au wewe kwa niaba yake, aende ofisi ya eneo bunge lenu la Embakasi Magharibi aulize kuhusu basari, aulize pia ile ya kaunti kupitia wadi, na kama dirisha liko wazi mwaka huu. Fomu hizo huhitaji mhuri wa shule na barua ya chifu, kwa hivyo zianzwe mapema. Na aende Machakos mwenyewe, akae na mwalimu mkuu, waandikiane atakuwa akilipa kiasi gani kwa mwezi. Walimu wakuu wengi humvumilia mzazi aliyekuja na mpango kuliko yule ambaye simu yake haishikwi. Najua kufunga kibanda siku nzima ni hasara. Mtoto kukaa nyumbani wiki mbili ni hasara kubwa zaidi.

Kuhusu mama mdogo wa Githurai sitasema mengi kwa sababu simjui. Kuishi karibu na chuo kwa ndugu wa damu ni baraka. Lakini ana watoto wadogo na kazi ya zamu. Kabla ya kupeleka sanduku, ulizaneni waziwazi: akiwa kazini usiku, nani analala na watoto? Nani anapika, nani anawaogesha, na wiki ya mitihani itakuwaje? Wasichana wengi wameenda kwa jamaa kama wanafunzi wakajikuta ni wasaidizi wa nyumbani, bila yeyote kuwa na nia mbaya. Kama majibu yake ni mazuri, hapo panaweza kuwa pa kulala siku za maabara tu, au wiki za mitihani.

Umesema unataka chuoni kwa ajili ya utulivu. Hilo nalo tulitazame. Chumba cha hosteli huwa na watu wanne, wakati mwingine zaidi, na mmoja wao huwa na spika. Wa mwaka wa kwanza wengi hupotea katika wiki za mwanzo kwa sababu hakuna anayewauliza walipokuwa. Wewe umezoea nyumba yenye ratiba ya Mama, na siku ya kwanza bila ratiba hiyo utajisikia huru, halafu utajisikia mpweke. Utulivu mara nyingi utaupata maktabani. Lakini mwanafunzi anayekimbilia matatu saa kumi na moja jioni hakai maktabani, hakutani na kikundi chake cha kazi, na somo la saa moja asubuhi analikuta katikati. Jambo hili lina uzito kwa sababu alama za chuo hukusanywa muhula mzima. Katika vyuo vyetu vingi, majaribio ya katikati ya muhula, hizo CAT utakazozisikia kila mahali, huwa na alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Ukikosa CAT kwa sababu Kariobangi kulikuwa na msongamano, mhadhiri hajui Kariobangi.

Ukifika, sajili yuniti zako, yaani masomo ya muhula huo, kwenye tovuti ya chuo kila muhula, usidhani zimejisajili. Weka jina lako kwenye orodha ya mahudhurio kila ufanyapo CAT na mtihani, na kila karatasi iliyosahihishwa ipige picha uihifadhi. Alama zinazopotea zimewachelewesha watu kuhitimu, na anayepona ni aliye na ushahidi. Jua ofisi ya mkuu wa wanafunzi iko wapi siku ambayo huna shida. Uliza pale kama kuna mpango wa kazi kwa wanafunzi wahitaji, maana vyuo kadhaa vya umma huwa nao. Mkopo wa HELB unaombwa upya kila mwaka wa masomo, usisubiri kukumbushwa. Na mikopo ya simu usiikaribie kwa ajili ya chakula. Mingine hukatwa pesa zikiingia tu, na wewe zako zitaingia kwa kuchelewa.

Ulifikiria kuahirisha mwaka. Linawezekana, huombwa rasmi kwa msajili wa masomo, lakini kabla ya kuliomba uulize chuo na HELB ufadhili wako utakuwaje. Na jiulize ni kazi gani utapata mjini kwa cheti cha Kidato cha Nne, itabakisha kiasi gani ukitoa nauli na chakula. Kuna wanaoahirisha wakarudi na nguvu. Kuna wanaoahirisha, kibanda kikawazoea, mwaka ukawa miwili.

Sasa Mama. Barua yako inamweleza kama mtu aliyeamua, na huenda ni kweli. Lakini mwanamke aliyefunga kibanda saa nane mchana kwa furaha, kisha wiki moja baadaye akasema lala nyumbani, nashuku ana hofu ambayo hajaitamka. Pengine ni hadithi anazosikia sokoni kuhusu wasichana wa chuo. Pengine anaogopa presha impande usiku akiwa peke yake. Pengine ni kibanda tu. Kila moja ina dawa yake, na ukidhani ni pesa huku ni hofu, utamletea hesabu nzuri naye bado atasema hapana. Muulize. Usimuulize kibandani wala alfajiri. Tafuta Jumapili alasiri akiwa amepumzisha miguu, mpe chai, kisha anza na asante, kwa sababu unazo nyingi za kumpa. Unaweza kumwambia, "Mama, nimekaa nikafanya hesabu ya kwenda na kurudi, naomba tuitazame pamoja. Na ningependa kujua wewe una wasiwasi gani nikilala chuo." Halafu unyamaze umsikilize, hata akikaa kimya kwanza. Kama anahesabu haraka kuliko wewe, kama wauzaji wengi wa Mutindwa, mwache ashike kalamu yeye.

Akisema ni kibanda, msikie vizuri, maana hilo ni la kweli. Nani mwingine anaweza kukipanga kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi? Kuna jirani wa kibanda ambaye anaweza kulipwa kidogo? Anaweza kwenda Marikiti siku chache kwa wiki na kuchukua zaidi ya vitunguu na viazi, vitu visivyooza haraka? Ukirudi Ijumaa jioni, Jumamosi nzima ni yako na yeye. Kuhusu presha, aende kupimwa katika kituo cha afya kilicho karibu, na ahakikishe hakosi dawa kama ameandikiwa. Mtu mmoja wa plotini awe na namba yako.

Uliniuliza kama kuna ubaya kumficha sehemu ya ukweli. Utanisamehe nikirudi kwenye fomu. HELB huhitaji wadhamini wawili, na unataka Mama awe mmoja. Mdhamini anaweka jina na kitambulisho chake kwamba deni hili litalipwa. Yaani mtu unayefikiria kumwambia pesa hazijaingia ndiye huyo huyo anayesimama nawe kwenye deni. Nadhani ndiyo sababu mkono wako unakwama hapo kila ukifungua maombi, na mimi nauamini huo mkono. Wapo waliowaficha wazazi wao na mambo yakapita, siwezi kukuambia kila siri hufichuka. Lakini Wendani si mbali, mama mdogo yuko Githurai, na Kitui kwenu mna simu. Mama akijua kupitia kwa mtu mwingine, mazungumzo yenu ya pesa kwa miaka minne ijayo yatakuwa magumu, na utakuwa na mahitaji mengi ya kumwambia.

Ubinafsi sikuuona katika barua yako. Niliona mtu aliyeona aibu kutaka kitu cha kawaida. Kutaka mahali pa kusomea hakumfuti ndugu yako, na kumsaidia ndugu yako hakukufanyi mjinga. Mtaishia wapi kati ya hayo mawili, ni nyinyi watatu mtakaojua, kwani hata mdogo wako ni mkubwa wa kutosha kukaa kwenye hayo mazungumzo akiwa likizoni. Huenda naye ana maoni kuhusu shule ya bweni ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Maombi ya HELB yana tarehe ya mwisho, kwa hivyo usiyaache yalale. Yakamilishe hata kabla hamjakubaliana mtatumiaje pesa, kwa sababu hali ya nyumbani utakayoieleza humo ndiyo inayoamua kundi lako. Eleza yote bila aibu: mzazi mmoja, kibanda, mdogo wako shuleni. Ukipangiwa kundi ambalo halilingani na hali yenu, kuna nafasi ya kukata rufaa. Penye tatizo la mtandao, ofisi yao iko Anniversary Towers, University Way, na wana dawati katika vituo vya Huduma. Nenda na Mama siku hiyo kama anaweza. Asomewe kiwango, riba na jina la mwenye deni kabla hajatia sahihi, aulize maswali yake mwenyewe.

Ukipata ratiba na bei ya kitanda, niandikie. Nitapenda kujua Mama alisema anaogopa nini.